Mlango wa Bi Nana

Mgeni alifika siku saba kabla ya siku yake.

Ijumaa hiyo alasiri Lamis alikuwa akisugua baraza ya nyumba yao, mtaani Kuze katika Mji wa Kale, kama afanyavyo kila Ijumaa akirudi shule. Miguu ilikuwa imelowa maji na mkono ulikuwa umeanza kuchoka na brashi. Mama yake, Bi Zulekha, alikuwa ameenda soko la Marikiti kununua iliki ya mahamri anayoyauza asubuhi. Lamis alipoinua kichwa alimwona msichana mrefu amesimama katikati ya kichochoro, sanduku kubwa la magurudumu kando yake, jasho likimtiririka.

"Hodi," msichana akasema. "Je, hapa ndipo nyumbani kwa Bi Zulekha?"

"Ndipo. Na wewe ni nani?"

"Ninaitwa Efua. Ninatoka Ghana. Mimi ni yule mwanafunzi atakayekaa pamoja nanyi."

Lamis akamtazama, akalitazama sanduku. "Lakini wewe ulikuwa uje Ijumaa ijayo."

Efua akatoa barua mfukoni, akaikunjua. Chuo kilikuwa kimemwandikia yeye tarehe moja na kuwaandikia wenyeji wake nyingine. Alikuwa ameshuka uwanja wa ndege tangu asubuhi, na dereva wa tuktuk alikuwa amemzungusha mji mzima kabla ya kumshusha mahali ambapo tuktuk haiwezi kupita.

Ndani kitanda hakikuwa kimetandikwa. Jikoni kulikuwa na chai tu, na mbaazi zilizobaki asubuhi. Hata hivyo Lamis, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alijua jambo moja alilolelewa nalo: mgeni hasimamishwi njiani. Akalishika sanduku kwa mikono miwili.

"Karibu ndani, dada Efua. Yakanyage tu hayo maji."

Bi Zulekha aliporudi na kikapu chake alimkuta mgeni amekaa mkekani, anakula mahamri ambayo Lamis alikuwa amejiwekea mwenyewe. Alicheka, akamkumbatia Efua kama aliyekuwa akimngojea saa hiyo hiyo. Baadaye, walipokuwa wakitandika kitanda, alimwambia bintiye kwa sauti ya chini:

"Huyu ameacha kwao, amekuja mbali kusoma lugha yetu. Akikuuliza kitu usimwambie hakuna. Mtafutie."

Lamis akayashika maneno hayo, ila aliyashika kwa namna yake.

Chuo cha Efua kilikuwa na utaratibu wake. Jumatatu hadi Ijumaa wanafunzi wageni walisoma Kiswahili darasani. Kila Jumamosi walitakiwa kutembelea mahali fulani kisiwani, kuuliza, kutazama na kuandika. Baada ya miezi mitatu kila mmoja angesimama mbele ya walimu, wenyeji na wageni waalikwa, aeleze kwa Kiswahili aliyoyaona. Hotuba hizo zingechapishwa katika kijitabu cha kuwasaidia wanafunzi watakaokuja mwaka unaofuata.

"Nani atanitembeza?" Efua akauliza.

"Mimi," Lamis akasema kabla mama yake hajafungua kinywa.

Jumamosi ya kwanza walikwenda Ngome ya Yesu. Lamis alikuwa amepita mbele ya Ngome ile siku zote za maisha yake, lakini ndani alikuwa ameingia mara moja tu, pamoja na shule, na siku hiyo alikuwa akigombania kivuli na wenzake badala ya kusikiliza. Efua alisimama kando ya mzinga mkubwa uliotazama bahari, akaupapasa.

"Lamis, vitu vizito hivi vilifikishwaje huku juu?"

Neno "sijui" lilimfika Lamis kwenye ulimi. Akaona haya kulitoa. Kwake, kumwambia mgeni "sijui" kulikuwa sawa na kumfunulia sufuria tupu.

"Vilivutwa na punda," akasema. "Punda arobaini."

"Arobaini?"

"Arobaini. Na mmoja alikuwa kipofu."

Efua akafungua daftari lake la kijani, akaandika. Lamis alipoona maneno yake yanageuka wino, alisikia utamu ambao hakuwahi kuusikia. Darasani hakuna aliyeandika maneno yake. Hapa palikuwa na mtu mzima, msomi wa chuo kikuu, anayemsubiri amalize sentensi.

Basi Jumamosi zikafuatana, na majibu yakafuatana nazo. Kwenye Pembe za Ndovu zilizopindwa juu ya barabara, Lamis alieleza kwamba fundi aliyezitengeneza alikuwa fundi wa masufuria. Walipokuwa wakila mihogo ya kukaanga kule Mama Ngina, alieleza kwa nini mawe ya ufukweni yana matundu, na maelezo yake yalikuwa na jini ndani yake. Kila jibu lilipata mstari wake katika daftari la kijani.

Siku moja rafiki yake, Wanza, alifuatana nao. Wanza alisoma naye darasa moja, na baba yake, mtu wa Machakos, alifanya kazi ya kuendesha winchi za kupakulia mizigo bandarini Kilindini. Aliyasikiliza majibu ya Lamis mpaka akashindwa kunyamaza.

"Hayo nani alikwambia?"

"Watu wanajua," Lamis akasema.

"Watu gani?"

"Watu wa hapa. Wewe si wa hapa."

"Nimezaliwa Ganjoni, Lamis, hapa hapa kisiwani. Au Ganjoni imehamia Machakos?"

Efua akacheka. Lamis akamfinya Wanza mkono, nao wakaendelea na safari.

Jumamosi ya kumi na moja Efua alitaka kuona milango ya kuchonga ya Mji wa Kale. Walianzia karibu, kwa Bi Nana, nyumba nne kutoka kwa akina Lamis. Mlango wa Bi Nana ulikuwa mkubwa, wa mbao nyeusi. Juu yake palichongwa maua, na kwenye nguzo zake mbili, kuanzia juu mpaka chini, palichongwa mnyororo, pete ndani ya pete.

Efua alisimama hapo muda mrefu.

"Mnyororo huu una maana gani?"

Lamis alikuwa ameuona mnyororo ule tangu alipokuwa akitambaa. Hakuwahi kuuliza. Lakini aliuona uso wa Efua, akajua kwamba safari hii punda hawatatosha. Panatakiwa jibu kubwa.

"Zamani," akasema, "mwenye nyumba hii alikuwa akiuza watu. Ndiyo maana akaweka mnyororo."

Efua hakufungua daftari. Aliweka kiganja chake juu ya pete moja, na machozi yakaanza kumtoka.

"Kwetu kuna ngome pia, kando ya bahari," akasema. "Nilipokuwa kama wewe, bibi yangu alinishika mkono akaniingiza kwenye vyumba vya chini, vya giza. Humo walifungiwa watu kabla ya kupakiwa merikebuni. Bibi aliniambia, gusa ukuta, usisahau." Akapangusa uso kwa kanga aliyozawadiwa na Bi Zulekha. "Sikujua kwamba nitaugusa tena hapa."

Akaupiga mlango picha, akamtumia bibi yake Ghana. Lamis alitaka kulirudisha neno lake, lakini lilikuwa limeshavuka bara.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Bi Nana alikuwa mwanamke wa miaka sabini na zaidi, mwenye miguu inayovimba, ambaye hakwenda tena mbali zaidi ya baraza yake. Kila jioni alikaa hapo na kumwamkia kila apitaye. Kabla ya hapo alikuwa akimtania Efua, "Mgeni, umenenepa, mahamri ya Zulekha yamekuingia." Sasa Efua alipita akitazama mbele, kama apitaye kando ya ukuta.

Jumapili ya wiki iliyofuata Bi Nana alituma sahani ya mkate wa sinia, ingali moto. Bi Zulekha akaukata, akampa Efua kipande. Efua akakirudisha sahanini.

"Samahani, mama. Siwezi kula chakula cha nyumba ile."

"Kwa nini? Mmekosana?"

"Hapana. Ni mambo ya historia."

Bi Zulekha akamtazama Lamis. Lamis akautazama mkeka.

Asubuhi ya pili, Lamis alipokuwa akienda shule, Bi Nana alimwita.

"Njoo, mjukuu wangu. Mgeni wenu nimemkosea nini? Ni ule mzaha wangu wa kunenepa? Mwambie ni mzaha wa mtu mzima, anisamehe."

Lamis alisimama na mkoba wake mgongoni. "Hujamkosea, bibi," akasema, akakimbia.

Mchana, kivulini nyuma ya darasa, alimweleza Wanza yote, kuanzia kwa punda mpaka kwenye mnyororo. Wanza alisikiliza huku akila embe bichi kwa chumvi.

"Na hotuba yenyewe ni lini?"

"Jumamosi hii. Jana alinisomea mwanzo wake. Anaanza na mlango wa Bi Nana. Ameutaja kwa jina, Wanza. Kuze, nyumba ya Bi Nana. Kisha inachapishwa."

"Basi kamwambie leo."

"Ataniona muongo."

"Kwani wewe ni nani?"

Lamis akakasirika, kisha akalia kidogo. Wanza akamkatia kipande cha embe. "Kula. Kisha leo ukifika nyumbani usivue hata viatu. Ukivua viatu utaanza kufikiri, na ukifikiri hutasema."

Lamis hakuvua viatu. Alimkuta Efua jikoni na Bi Zulekha, anajifunza kusukuma chapati. Unga ulikuwa umemjaa hadi viwikoni.

"Dada Efua, mlango wa Bi Nana, sijui maana ya mnyororo wake. Sikuwahi kujua. Nilitunga. Na punda nilitunga. Na fundi wa masufuria. Na jini."

Kifimbo cha kusukumia kikasimama.

"Nilimtumia bibi yangu picha ile," Efua akasema polepole. "Alinipigia simu. Alilia, Lamis. Aliwaita shangazi zangu wote, wakaomba dua."

Lamis akavua viatu, kimoja kimoja.

"Na mimi nimempita yule mama kila siku bila kumwitikia salamu." Efua akaosha mikono, akaleta daftari la kijani, akaliweka juu ya meza. "Kurasa arobaini na mbili. Sijui ipi ni kweli na ipi si kweli. Zimebaki siku tano."

"Lamis," Bi Zulekha akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Lamis zaidi. "Nani alikufundisha kumdanganya mgeni?"

"Wewe ulisema akiniuliza kitu nisimwambie hakuna."

"Nilikwambia umtafutie. Sikukwambia umtungie." Akafuta mikono kwa upindo wa leso yake. "Jirani alikuwa hapo, nyumba ya nne. Ulishindwa nini kubisha hodi ukamuuliza? Haya, twendeni. Na utasema mwenyewe."

Bi Nana aliwapokea kwa furaha, akidhani mgeni amekuja kupatana naye. Lamis alisimama mbele yake, mikono nyuma, akasema kila kitu, hata habari ya hotuba ya Jumamosi. Aliposema "nilimwambia mwenye nyumba hii wa zamani alikuwa akiuza watu," Bi Nana aliinua mkono, akamnyamazisha.

Vidole vyake vilikuwa vikivuta uzi wa kanga.

"Baba yangu hakuuza hata kuku wa jirani," akasema mwishowe. "Unamjua baba yangu wewe? Humjui. Alikufa kabla mama yako hajazaliwa. Mtu akishakufa hawezi kusimama akasema, mimi sikufanya. Anategemea sisi tuliobaki."

Lamis alitamani ardhi immeze. Hakukimbia.

"Nikwambie mnyororo ule ni nini?" Bi Nana akasema. "Baba alifanya kazi Kilindini miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kusafisha minyororo ya nanga za meli, kukwangua kutu, kupaka rangi, pete baada ya pete, juani. Kwa mshahara huo alijenga nyumba hii. Ilipokwisha, jamaa walimwambia aweke mlango wa kununua, wenye maua kama wa matajiri. Akasema, maua nitaweka, lakini nyumba hii imejengwa na mnyororo, basi acheni mnyororo uonekane. Akauchonga mwenyewe, kila jioni akitoka kazini, miaka miwili. Mimi nilikuwa mdogo. Nilikuwa nikifagia vumbi la mbao."

Efua alikuwa ametoa daftari, lakini hakuandika. Alipiga magoti kwenye mkeka.

"Nisamehe, bibi. Mimi nimekosa zaidi ya mtoto. Ninasoma chuo kikuu, ninajua kwamba habari huulizwa kwa mwenyewe. Ulikuwa ukiniamkia kila siku, nami sikukuuliza."

"Inuka, mwanangu," Bi Nana akasema. "Sakafu hiyo ni baridi." Kisha akamgeukia Lamis. "Jumamosi mtamtaja baba yangu huko ukumbini?"

"Ukiruhusu, bibi," Efua akajibu.

"Ningependa kusikia. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu akamtaja. Lakini miguu hii hainifikishi hata kwa Zulekha. Sasa wewe, Lamis, wataka nikusamehe? Njoo Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya magharibi, maneno yakiwa bado moto. Unieleze yote yaliyosemwa. Si kesho yake, maana ya kesho yake huanza kuongezwa chumvi."

"Nitakuja, bibi. Naahidi. Kabla ya magharibi."

Siku nne zilizofuata hazikuwa na mchezo. Kila alasiri Lamis alitupa mkoba wake mlangoni, wakaondoka na daftari, Wanza akiwa nyuma yao na chupa ya maji. Walianzia Ngome ya Yesu, kwa Bwana Kiti, mzee wa Kigiriama aliyekuwa ametembeza wageni humo zaidi ya miaka ishirini.

"Punda arobaini?" Bwana Kiti akasema alipoonyeshwa ukurasa wa kwanza. "Uliwahesabu wewe?"

"Hapana, mjomba."

"Na yule kipofu, nani alimpima macho?"

Wanza alicheka mpaka akakaa chini. Lamis alichekwa, na kwa mara ya kwanza kuchekwa hakukumuua. Bwana Kiti aliwapeleka kila pembe ya Ngome. Aliwaeleza kwamba Wareno ndio walioanza kuijenga, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na kwamba baadaye Waarabu wa Omani waliizingira karibu miaka mitatu kabla ya kuitwaa. Walipofika kwenye mzinga na Efua akauliza ulipandishwaje, mzee alijikuna kidevu.

"Huo hasa? Sijui."

Lamis akamkodolea macho. "Wewe pia hujui?"

"Mambo mengi siyajui. Nikisema sijui hapa, nikisema najua pale mtu ataniamini." Akamgeukia Efua, uso wake ukiwa mzito. "Umenieleza habari ya mnyororo wa uongo, dada. Nami nikwambie: biashara ya watu ilikuwepo pwani hii, wala hatuifichi. Iliumiza jamaa zetu sisi tunaotoka huko bara ya karibu. Ndiyo maana habari yake haisemwi kwa kubahatisha. Ukimtia hatiani asiyehusika, unamficha aliyehusika."

Efua akaandika maneno hayo, akapiga mstari chini yake.

Wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Wakamuuliza seremala, wakamuuliza muuza viungo Marikiti, wakamuuliza baba yake Wanza, ambaye aliwachorea nanga kwenye karatasi na kuwaonyesha pete zake zinavyoshikana. Walipojibiwa, Efua aliandika jina la aliyesema. Walipokosa jibu, Lamis mwenyewe alitamka: "Andika hatujui." Mara ya kwanza ilimkwama. Kufikia Ijumaa ilikuwa ikimtoka kwa urahisi, na aligundua jambo la ajabu: watu waliposikia "hatujui" walisogeza viti, wakawakaribisha, wakaanza kusimulia.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa chuo ulijaa. Walimu walikaa mbele, wenyeji nyuma yao. Bi Zulekha alivaa buibui jipya, na Bwana Kiti alikuja na sare yake ya kazi, ameipiga pasi.

Wanafunzi wanne walitangulia. Kisha Efua akapanda jukwaani.

"Nilitaka kuwaeleza juu ya mlango," akaanza. "Na kama ningesimama hapa wiki iliyopita, ningewaeleza uongo. Kabla sijaendelea, mwenzangu ana neno."

Walikuwa wamekubaliana usiku uliotangulia, na Lamis akainuka. Alipanda ngazi tatu za jukwaa. Nyuso zote zilimgeukia.

"Mimi ndiye niliyemdanganya dada Efua," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akaivuta. "Aliniuliza maana ya mnyororo ulio kwenye mlango wa jirani yetu, Bi Nana. Sikujua, nikaona haya kusema sijui. Nikamzulia baba yake jambo baya ambalo hakulifanya. Nimemwomba msamaha Bi Nana. Leo namwombea baba yake heshima yake, mbele yenu."

Efua akamwekea mkono begani, asimwache ashuke, akaanza kusimulia: habari za mtu mmoja wa Kuze aliyekwangua kutu Kilindini miaka thelathini, akajenga nyumba pete baada ya pete, na akakataa kuificha kazi iliyomlisha. Kiswahili chake kilikuwa safi na hakikuwa na haraka. Alisema pia juu ya ngome ya kwao, na bibi yake, na jinsi alivyompigia simu tena kumweleza ukweli. "Bibi aliniambia, nashukuru. Machozi yangu si bure, lakini afadhali nijue ninamlilia nani."

Alipomaliza, Bwana Kiti ndiye aliyesimama wa kwanza. Akasimama baba yake Wanza. Wakasimama walimu. Makofi yalijaa ukumbi hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, na Bi Zulekha alipiga kigelegele bila kujali nani anamtazama. Mwalimu mkuu wa chuo akatangaza kwamba hotuba ya Efua ndiyo itakayofungua kijitabu, na majina ya wote walioulizwa yatachapishwa. Chini ya jina la Efua litaandikwa jina la Lamis.

"Na jambo la mwisho," mwalimu akasema. "Saa kumi na moja boti inatuchukua kuzunguka kisiwa chote, mpaka Kilindini, tukazitazame meli kubwa kwa karibu. Wanafunzi wote wanakwenda. Na tumewaachia nafasi Lamis na rafiki yake."

Wanza alimrukia. Walikuwa wamekaa kisiwani maisha yao yote, na hakuna kati yao aliyewahi kukizunguka. Lamis akajiona amesimama mbele ya boti, meli zikiwa juu yake kama maghorofa, nanga zikining'inia.

"Tunarudi saa ngapi, mwalimu?"

"Saa mbili usiku, inshallah."

Lamis akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na robo.

Efua alimwona, akaelewa. "Nenda nasi," akasema. "Nitakwenda mwenyewe kesho asubuhi nimweleze Bi Nana. Leo umefanya jambo kubwa, atakuelewa."

"Ataelewa, dada. Lakini nilimwambia leo, kabla ya magharibi."

"Boti ni mara moja tu, we," Wanza akasema. "Bi Nana yuko kila siku."

"Najua," Lamis akasema. "Nitazamie wewe. Tazama vizuri, na usiloliona usiniambie umeliona."

"Nani? Mimi?" Wanza akasema, na wote wawili wakacheka, ingawa macho ya Lamis yalikuwa na maji.

Aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi za gati. Boti iliponguruma na Efua akapunga mkono, Lamis hakungoja itoweke. Alikata vichochoro mbio, viatu mkononi, mpaka Kuze.

Bi Nana alikuwa barazani, amevaa kanga mpya na kujifukiza udi kama anayengojea wageni wa harusi. Kando yake alikuwa ameweka kiti kidogo.

"Mbona unahema? Na wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda kuzunguka kisiwa kwa boti, bibi. Na wanafunzi."

"Wewe hukualikwa?"

"Nilialikwa."

Bi Nana akampapasia kiti akae.

"Sikiliza, mjukuu wangu," akasema. "Uongo wako ulikuwa rahisi, ndiyo maana ulikutoka upesi. Ukweli una gharama. Hugharimu haya, hugharimu jasho, na leo umekugharimu safari. Ndiyo maana mtu anayeulipia huaminiwa. Kuanzia leo, ukiniambia jua limezama, sitachungulia nje. Haya, anza. Watu walikuwa wangapi?"

"Wengi, bibi."

"Mia tano?"

Lamis alimwona alivyonyoosha shingo kwa hamu. Ingekuwa rahisi sana kumpa mia tano.

"Sikuwahesabu, bibi. Lakini viti vilijaa, na baba yako alipotajwa, Bwana Kiti alisimama."

"Alisimama? Kwa ajili ya baba?"

"Wote walisimama. Hilo nililiona kwa macho yangu."

Bi Nana akafunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yakimtikisika. Alipoufunua, alikuwa akitabasamu.

"Polepole," akasema. "Rudi mwanzo. Efua alipopanda jukwaani alisema nini?"

Lamis akavuta kiti karibu, akaanza upya, neno kwa neno, na adhana ya magharibi ilikuwa bado haijalia.